Pindo la Koti la Gwaride

Tabora, 12 Juni 1998

Mjukuu wangu Anjela,

Leo natimiza miaka arobaini na miwili nje ya Ifakara. Hapa tu wazima. Bibi yako anakusalimu, magoti yake yamepata nafuu. Umeniuliza kama Desemba nitafuatana nawe nyumbani.

Nilipopata usajini, koti la gwaride la stoo lilinibana mabega. Nikiwa likizo, mama alinipeleka kwa fundi Saidi, aliyeshonea barazani mwa duka, anishonee la kwangu. Likizo ilikuwa fupi, nami sikutulia hata kupimwa.

"Simama, sajini! Nampima mtu au kambare?"

Siku ya kuondoka koti lilinikaa sawasawa, ila pindo la mkono mmoja alikuwa amelishikiza kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za muda.

"Hujamaliza, fundi."

"Mama yako kanikataza. Utarudi, nikumalizie."

Mama alicheka, kisha akatazama pembeni.

Nikaondoka na bandi ile. Kambi baada ya kambi, kisha mji baada ya mji, nilijiambia nitarudi, kwa hiyo popote nilikaa kama mpita njia. Hata hapa sijapanda mti. Mama alifariki, fundi naye akafariki, nyuzi zikabaki.

Barua yako ilipofika, nililitoa koti sandukuni. Bibi yako aliziona nyuzi, akauliza, "Nikumalizie?" Nikampa mkasi. Alizikata, akalishona pindo polepole, mimi nikiwa nimekaa kando yake.

Nenda wewe, mjukuu wangu, ukapalilie kaburi la mama. Mimi sitarudi.

Babu yako