Maelezo Kuhusu Faili Iliyofungwa Ambayo Risper Awiti Alitumiwa

Jina: Mutie Musau. Umri: miaka sabini hivi, mama alihesabu na njaa za Ukambani. Kazi: soja, yaani mlinzi, wa cyber ya internet, zamani mbeba magunia. Makao: Kawangware.

Mnamo tarehe 16 Januari 2008, saa nane mchana, nilikuwa mlangoni na rungu yangu. Barabarani kulikuwa na moshi wa fujo za uchaguzi. Mimi sikuogopa, Kitui nilifukuza fisi na kofia. Afande anayeniandikia ameniambia niwache fisi.

Mteja wetu Risper aliingia akilia. Bwana yake, Ogola, fundi wa viatu, alijificha tangu nyumba yao ichomwe, akamwandikia email kumwambia mahali ako. Sasa mtu yeye hamjui alikuwa amemtumia faili imefungwa na password, na hiyo password akamwandikia. Imeandikwa: "Picha za Ogola. Fungua uone."

"Mwongeli, nifungulie nijue kama amekufa."

Mwongeli ndiye mwenye cyber. Aliweka hiyo faili kwa mashine ya kona, akang'oa waya ya internet. Nikamwambia, "Si ufungue tu! Ama itakuuma?"

"Mzee, wewe ungenunua gunia bila kuchoma bambo?"

Bambo ni kile chuma cha kuchomoa mahindi kidogo, ujue ndani kuna nini kabla ufungue gunia. Nikasogea karibu nione.

Mwongeli alisoma majina ya vitu za ndani bila kuzitoa. Picha hakuna. Kulikuwa na programu imepewa jina ya picha.

"Ukibonyeza hii, inaiba password yako ya email. Aliyetuma atasoma yote Ogola alikuandikia."

Nikacheka. "Basi tumemuweza!"

Risper hakucheka. Alishika meza. "Asubuhi niliifungua kwa cyber ingine, huko mtaa wa Satellite. Hakuna picha ilitokea. Ndio nikakuja nijaribu huku."

Mwongeli alipiga simu ya Ogola. Imezimwa. Risper alitutajia mahali bwana yake amejificha, akatoka mbio kumwonya, kiatu moja ikabaki kwa mlango. Mwongeli akanituma hapa kwa polisi.

Mahali Ogola ako nimemwambia afande kwa sikio. Sitaki iandikwe popote tena.

Nimesema yenye niliona na macho yangu. Msinisomee. Endeni.

Alama ya kidole gumba: Mutie Musau

Maandishi ya afisa: Shahidi hakusomewa maelezo haya. Tumeondoka naye kwa gari saa nane na dakika hamsini, atuonyeshe njia.