Ndoo ya Mjomba

Shule ya Mtakatifu Agata, Masasi
20 Novemba 1966

Dada Dominika, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote hapo Newala, na kwamba goti limepunguza vituko. Sisi huku hatujambo. Mimi nimezidi kunenepa. Darasa la tano wananiita Pipa, wakidhani sisikii.

Kama kila mwaka, nakuletea habari za kufunga shule, maana ninyi wazazi wa mbali mnazipata nusunusu. Mihogo ya shule tumevuna, kanisa tumelipaka chokaa, na mwanao Kadogo ameshika nafasi ya pili darasa la sita. Shuleni ni Valeria, kama alivyobatizwa, lakini mimi mjomba wake nitamwita Kadogo hadi azeeke. Wa kwanza ni binti wa karani aliyetoka Moshi. Yule anasomea taa ya karabai, mwenzake anasomea koroboi yangu inayokohoa.

Sasa jambo lenyewe. Baba Askofu atakuja kutazama mchezo wetu wa Noeli, niliouandika mimi mwenyewe. Kadogo ndiye Bikira Maria. Dada, akiimba pale horini hata mpishi wa misheni anaacha chungu kinaungua! Najua umemwandalia unyago na wenzake wanamngoja. Lakini Padre bado hajafunga shule, nifanyeje? Waombe wasubiri juma moja tu. Ngoma haiozi.

Mdogo wako,
Justin


Newala
14 Desemba 1966

Justin, marahaba.

Sisi wazima. Goti ni lilelile.

Mpwa wako kafika jana kwa lori la korosho la Mrisho. Alishuka anakimbia, mkononi picha ya Bikira aliyopewa na Askofu. Akakuta nyumba ya wali wa unyago imekwisha fungwa, wenzake wamo ndani, ngoma inalia. Akasimama uani na picha yake kifuani. 

Nilikueleza mwezi wa kumi kwa nini hatuwezi kungoja. Bibi Somoe amevuka Ruvuma kukimbia ndege za Mreno, na wakimbizi wote wanapelekwa kambini, njia ya Lindi. Ndiye kungwi aliyenicheza mimi unyago. Alikubali kazi hii kabla hajahamishwa, kwa sababu ya binti yangu. Siku ya kuingiza wali aliketi mlangoni hadi jua likazama, anauliza, “Mjomba wake yuko wapi? Mwali huletwa na mjomba wake, kamshika mkono.” Nikajibu, “Padre hajafunga shule, Bibi.” Basi akafunga mlango.

Jana ndipo nikazungumza na mama yake Pili. Pili wa Mzee Hamidu si mwanafunzi wako? Yumo ndani na wenzake. Mama yake kaniambia shule yenu ilifungwa tarehe mbili. Pili alifika mapema, akaletwa na mjomba wake, mtu asiyejua hata kuandika jina lake.

Umenifanya nimdanganye mwanamke aliyenifundisha kuwa mtu mzima.

Unasema ngoma haiozi. Kweli. Aliyeoza ni mwingine.

Dada yako,
Dominika


Masasi
23 Desemba 1966

Dada, shikamoo.

Sina uso wa kuuliza habari za goti.

Ni kweli, shule ilifungwa tarehe mbili. Padre hana kosa. Mtoto nilimzuia mimi, kwa ajili ya mchezo wangu. Aliniuliza kila asubuhi, “Mjomba, tunaondoka leo?” nami nikamwambia mama yake amekubali. Askofu akanishika mkono mbele ya watu, akasema mwalimu huyu ana kipaji. Tangu barua yako ifike, mkono huo nauona mzito hata kwenye bakuli la ugali.

Hakuna namna ya kumwingiza sasa, hata kwa kuchelewa? Niambie la kufanya nami nitafanya.

Mdogo wako,
Justin


Masasi
9 Aprili 1967

Dada, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu Noeli, na hujajibu hata moja. Valeria alirudi Januari na kikapu cha karanga, bila hata kikaratasi. Karanga zilikuwa nzuri. Nilizila kwa aibu, lakini nilizimaliza.

Tangu Azimio la Arusha tumeambiwa shule zijitegemee, basi walimu nasi tunalima mikorosho. Nimetoka malengelenge viganja vyote, na watoto wanakuja kuyatazama kama maonyesho.

Lakini si hilo lililoniandikisha. Juzi nilipita bombani wakati wa kuteka maji. Pili na wenzake wametoka unyagoni na majina yao mapya, wanaitana kwa madaha. Mwanao alipoinamisha ndoo, mmoja akamwambia, “Kadogo, pisha wakubwa wateke.” Wakacheka. Akapisha, na ana kimo kuliko wote.

Jioni tulipokuwa tunakula nikamwita, “Kadogo, nipe chumvi.” Mazoea tu, dada. Akaweka chini tonge lake, akanitazama. “Mjomba, na wewe pia?”

Nikainuka nikaichukua chumvi mwenyewe. Haimbi tena, hata kanisani anachezesha midomo tu. Nikaripie, nitukane, lakini andika.

Mdogo wako,
Justin


Newala
2 Julai 1967

Justin, marahaba. Tu wazima.

Sikunyamaza kwa kukukomoa. Kila nikishika kalamu natukana, na barua zako unazisoma mezani, mtoto yupo.

Desemba kutakuwa na unyago mwingine. Wali ni wadogo kwake, ila ataingia. Nilimuuliza, akasema ataingia akichezwa na Bibi Somoe, la sivyo basi. Na Bibi yuko kambini. Mimi na goti hili siwezi kumfuata.

Askofu ulimlaki hadi barabara kuu. Tuone utafika wapi kwa bibi mkimbizi.

Dada yako,
Dominika


Masasi
26 Novemba 1967

Dada, shikamoo.

Natumai mu wazima. Habari za kufunga shule mwaka huu ni fupi. Mikorosho imeshika, mbuzi wa Padre wamekula nusu yake. Valeria ni wa kwanza darasa la saba. Karabai imeshindwa.

Na kambini nimefika. Nilimkuta Bibi Somoe anatwanga mtama. Nikapiga magoti na suruali yangu ya kanisani. Akanitazama, akasema, “Kumbe mjomba ndiwe. Nilidhani umekufa, nikakusamehe. Sasa naona uko hai, tena umenona.” Wanawake wakacheka hadi wakaacha michi yao. Nikaeleza yote, na uwongo wangu nikautaja mbele yao. Akatwanga tena, kisha akasema, “Nitakuja kwa ajili ya mtoto. Na wewe utampa zawadi atakayoitaka yeye.” Nikakubali kabla sijauliza ni nini, kama mjinga.

Padre anataka mchezo urudiwe, Askofu anakuja tena. Nimemwambia Bikira Maria awe binti wa karani. Anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, basi. Jumamosi nakuja na Bibi pamoja na mwali, kwa lori la Mrisho. Nitamshika mkono hadi mlangoni, kisha nirudi kuona mchezo wangu ukiharibika.

Mdogo wako,
Justin


Newala
14 Januari 1968

Justin, marahaba.

Wali wametolewa jana. Mwanao ametoka mnene, anang'aa mafuta, na aliongoza nyimbo. Bibi Somoe alilia, akasingizia moshi.

Ana jina jipya. La utoto asilisikie tena kinywani mwako. Hilo jipya nilitaka kukuandikia, amekataa. Anasema mjomba atalisikia kwake mwenyewe, atakapomletea zawadi.

Zawadi anayoitaka ni ndoo moja ya maji. Si ya bombani Masasi. Ya bondeni hapa chini, tunakoteka sisi wanawake, uipandishe mlima mwenyewe hadi uani kwangu. Kichwani, siyo begani. Nilimwambia, “Mjomba wako ni mwalimu, watu watamcheka.” Akajibu, “Mimi walinicheka mwaka mzima.”

Bibi Somoe anasubiri hadi Jumapili, kisha anarudi kambini. Kaweka kigoda chake pale njia ya bondeni inapotokea.

Dada yako,
Dominika


Masasi
17 Januari 1968

Dada, shikamoo.

Barua hii anakuletea Mrisho. Mimi nitapanda lori lake Ijumaa shule ikitoka. Jumamosi alfajiri nitakuwa bondeni.

Ndoo nimeazima kwa mpishi wa misheni. Nimejizoeza uani, nikamwagikia mgongo mzima. Darasa la tano walikuwa wanachungulia. Sasa wananiita Pipa la Maji, na safari hii niligeuka nikaitika.

Mwambie mwali nikifika na nusu ndoo asinihurumie. Anirudishe bondeni.

Mdogo wako,
Justin