Jicho la Yule Bibi wa Kwenye Picha

Korogwe, Jumamosi usiku

Na anayeitwa mwizi ni Mzee Mhina, mpishi!

Wiki nzima memsahibu anaunganisha vile vipande vyake vya mbao apate picha ya bibi wa Kizungu wa zamani, wa ukoo mkubwa. Kimebaki kipande kimoja, jicho la kushoto, na hakionekani. Jana kamwambia mzee lisipopatikana kufikia Jumatatu, arudi kwao Kang'ata.

"Mwanangu, jicho la mbao mimi nilifanyie nini?" aliniuliza.

Leo asubuhi, kabla sijaloweka nguo, napapasa kaptura ya bwana meneja, mume wa memsahibu: jicho hili hapa, limefungwa ndani ya leso yake.

Limefungwa. Halikuanguka. Labda anataka aliweke yeye la mwisho, mkewe amshangilie. Labda anamtafutia mzee wa watu sababu ya kufukuzwa. Simwamini. Nikimpa mkononi atasema, "Dobi alikuwa nalo," na hatakuwa amesema uongo.

Nimefua, nimepiga pasi, jicho nimelifunga vilevile na kulirudisha mfukoni.

Kesho nguo nampelekea memsahibu. Nguo zikirudi, kila mfuko huukagua mwenyewe, maana kwake sisi madobi wote ni wezi.