Wimbo wa Nyamusi

Kisii Mjini,
9 Novemba 1975

Dada yangu Kwamboka,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Mogire na watoto, na ule mgongo uwe umekupa nafuu. Mimi nipo. Chakula napata, mahali pa kulala napo papo, ila nimechoka, dada. Naamka nimechoka kabla hata sijagusa kazi.

Utaona muhuri wa posta ni wa Kisii, usidhani wamekosea. Barua yako ya mwezi wa tisa ilinifikia kwa kuzunguka, kwa sababu rafiki yangu wa Nairobi huzipokea halafu hunitumia huku. Nimekudanganya miaka miwili. Nimepanga chumba hapa chini ya kilima cha Nyanchwa, nawe unaniwazia kule na bendi na suti. Ukikasirika ni haki yako, lakini isome hadi mwisho, na uisome ukiwa peke yako. Nimeandika kwa Kiswahili, kama tulivyofunzwa shuleni kuandika barua. Kwa lugha yetu nilijaribu mara mbili nikashindwa.

Unakumbuka nilivyoanza. Mwaka wa sitini na nne nilibeba obokano ya babu, na nyuzi zake nane zilizolegea, nikakaa kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa mjini, kofia chini. Marehemu baba alisema nimegeuka mwombaji. Walionilisha miaka ile ni watu wa Tabaka waliokuja kuuza vinyago vya mawe. Wakiuza vizuri walitaka nyimbo, na wasipouza walitaka zaidi.

Mwaka wa sitini na nane bwana mmoja mwenye studio alinisikia, akanipeleka Nairobi. Nilimwimbia nyimbo sita, zote akapiga miayo. Akaniuliza kama sina mwingine. Nikamwimbia huu ambao wote mnauita wa Nyamusi. Akasema ndio huo, ila niuharakishe ili watu wacheze. Santuri ikatoka, na yaliyofuata unayajua, harusi kila wiki na jina langu redioni. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kwenye harusi ya Bosibori mliucheza mpaka viatu vikakatika. Niliisoma barua ile nikaikunja haraka.

Kisha vijana wakataka magitaa ya umeme. Nilipiga nyuma ya bendi moja hadi wakaniambia kwamba obokano yangu inajaza gari bure. Nikarudi kwenye baraza ile ile. Mhindi ameshaenda zake, na kofia imenibidi ninunue nyingine.

Sasa nije kwa mama. Unasema tangu mwezi wa nane hajakanyaga soko la Ekerenyo, kanisani anasimama na kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo, na anachuma chai kimya siku nzima. Chakula anakionja tu. Unaniomba nije Desemba nimpigie wimbo mmoja, pengine moyo utamrudi, kwa vile mimi ndiye fahari yake. Dada, hilo siliwezi, na nitakueleza kwa nini.

Ule wimbo sikuutunga mimi. Hakuna Nyamusi. Ni maombolezo ya mama. Abner wetu alipokufa kwa surua, wazee wa kanisa walimkataza mama kumlilia kwa mila, wakasema Mkristo haombolezi kama mtu asiye na tumaini. Akanyamaza mbele yao. Lakini tukienda shamba la mbali kupalilia, alimwimbia Abner chini kwa chini, akimtaja kwa jina, nami niko nyuma yake na jembe langu. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuusikia. Na unajua kwetu maombolezo ni ya aliyekufa na ya aliyemzaa. Hayaimbwi harusini. Hata mimi nilijua. Nikaondoa jina la ndugu yetu, nikaweka la msichana, nikaupa mwendo wa kuchezeka. Nilijiambia mama hana redio na hasikilizi nyimbo za dunia, hatajua kamwe.

Mwezi wa nane mama alikuja makambi ya kanisa hapa Nyanchwa. Jumapili, kabla ya kurudi nyumbani, akashuka mjini. Watu walikuwa wamenizunguka, mmoja akauitisha wa Nyamusi, nikaanza. Katikati nikamwona mama. Alisimama nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakicheza, Biblia kwapani. Ningeweza kunyamaza, dada. Sikunyamaza. Vidole vilizoea, na watu walikuwa wameshaanza kutoa senti. Nikauimba wote.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaja mbele, akainama polepole kama anavyoinama siku hizi, akaweka shilingi kwenye kofia. Nikamwambia, asante mama, kwa sauti ile ile ninayowaambia wote. Akaitikia vizuri, kama unavyomwitikia mtoto wa watu, akaenda kutafuta basi.

Basi usihangaike na madaktari. Ugonjwa wake ni mimi. Nilimnyang'anya mahali pekee alipokuwa na Abner, na sasa hata akiwa shambani peke yake nadhani anasikia watu wakicheza.

Nitakuja Jumapili ya tarehe ishirini na tatu mwezi huu, bila obokano. Nitangulie kwa mama, umwambie kwamba nimekiri kwako yote. Usimbembeleze. Akisema nisiingie kwake, unisubiri barabarani uniambie wewe, nigeuke na basi lile lile. Nina aibu, dada, na nina hofu kuliko siku yoyote niliyowahi kusimama mbele ya watu.

Msalimie shemeji Mogire, umwambie ndizi zake sijazisahau. Msalimie Persis na wadogo zake, na majirani wote wanaoniulizia. Mama usimpe salamu zangu. Nitamletea mwenyewe, akikubali kuzipokea.

Ni mimi ndugu yako,
Ratemo