Maoni ya Msomaji wa Pili

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wengine huuliza hivyo ili kujaza mstari wa kwanza. Mimi safari hii nauliza kwa kuwa sijui. Kwangu ni salama, goti tu ndilo linanisumbua. Shule inaendelea, tena kimya kuliko ulivyoizoea.

Makala yangu unaikumbuka. Ulinicheka, ukasema mwalimu mkuu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya benchi. Nikakujibu kwamba hao wakaguzi wanaokuja kutufundisha uongozi wana vyeti vya kujaza ukuta, na hakuna hata mmoja aliyejisomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Nilitaka jina langu lichapishwe mahali ambapo wangelazimika kulisoma. Lile jarida la utafiti wa uongozi wa elimu lilitangaza kuwa linatafuta sauti kutoka pembe zote za dunia. Nikasema haya, pembe yangu hii hapa.

Niliandika tunavyofanya hasa. Kwamba hapa kwetu mzazi mwenye lalamiko haitwi ofisini. Anakaa kwenye benchi la saruji nje ya jiko, na mwalimu mkuu ndiye anayetoka kumfuata, anakaa ubavuni pake, na hainuki mpaka mwenzake ainuke kwanza. Nikaweka na takwimu: tangu tuanze, utoro umepungua kwa zaidi ya nusu. Takwimu hazikupingwa na mtu.

Msomaji wao wa kwanza, kati ya wale wanaopima makala kabla haijachapishwa, alisifu. Wa pili, ambaye kwa kanuni zao hatajwi jina, alisema kwa adabu sana kwamba benchi lina uenyeji mno; msomaji wa kimataifa halimhusu. Niandike "mazingira ya mashauriano". Nikafuta. Ni benchi tu, nikajiambia.

Asubuhi iliyofuata halikuwepo. Si kwamba lilivunjwa, dada. Hapakuwa na kifusi wala shimo. Ukuta ulikuwa mweupe hata pale palipochakaa kwa migongo ya watu miaka yote. Nikamuuliza mlinzi, akanitazama kwa huruma, akasema benchi gani tena, mwalimu, au ni jua? Makamu wangu akacheka, eti uprofesa umeanza kunipanda kichwani.

Marekebisho ya pili yalihusu watoto wanaoimba mahudhurio badala ya kuitwa majina. Eti nyimbo zinamtoa msomaji kwenye hoja. Sitasema sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia labda la benchi lilikuwa macho yangu, nikafuta. Tangu hapo watoto wanapanga mstari, midomo inafunguka na kufungika, na sauti haitoki mpaka mahudhurio yaishe. Kisha wanacheka na kukimbizana kama kawaida. Ni mimi peke yangu ninayeona kuna kilichopotea.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa. Maoni ya tatu yalikuhusu wewe. Kwamba mpishi wa shule kumkemea mwalimu mkuu mbele ya wazazi, kumwambia atoke nyuma ya meza yake akae na watu, ni kisa cha kifamilia. Kitaalamu huyo anaitwa "mdau wa jamii". Benchi lilikuwa wazo lako. Cherehani yangu ya kwanza uliinunua wewe. Na mimi niliona sentensi moja tu imebaki kati yangu na kuchapishwa. Nikaibadilisha, nikatuma, halafu nikakimbilia jikoni.

Yumo mtu humo. Amevaa aproni yako. Nikimtazama uso nauona, nikigeuka siukumbuki. Nilimwambia sufuria inaungua. Akanijibu kwamba yeye, kama mdau, anaunga mkono. Chakula chake hakijazidi chumvi wala hakijapungua, na watoto wanakimaliza bila kusema lolote. Nikaenda kwa mama. Akasema yeye alizaa mmoja tu, kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Jana mhariri aliniandikia kunipongeza. Limebaki dogo moja, anasema: kila palipo na "mimi" niweke "mtafiti". Hapo nikagoma. Nimewarudishia makala ya kwanza, nzima, benchi na nyimbo na kelele zako, nikawaambia wakitaka kuikataa waikatae hivyo hivyo. Hawajajibu, na ukuta bado mweupe.

Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, mahali ambapo msomaji wa pili hafiki. Wewe ndiye mwenye kovu la mafuta ya moto kwenye kiganja. Wewe ndiye unayepiga chafya ukidanganya. Unaniita Bosi mbele za watu, na Kijiko tukiwa wawili, kwa jinsi nilivyokuwa nakomba masufuria utotoni. Sifuti kitu.

Mama anakusalimu, ingawa hajui.

Nimekaa chini, palipokuwa na benchi. Kushoto kwangu nimeacha nafasi, maana sikio lako la kulia ndilo linalosikia. Njoo unikemee, dada. Sitainuka mpaka uinuke kwanza.

Mdogo wako,
Kijiko