Aliyeachwa stesheni

Tineke, uko? Ndiyo tumetoka kumzika bibi yangu, Oma. Siamini nilichokisikia. Siamini kabisa!

Unajua Mama anavyonisakama tangu niseme simtaki tena mchumba wangu Marten. "Bibi yako alimwahidi mwanamume, akavuka bahari kutoka Uholanzi kuja kuolewa naye hapa Ontario! Wewe kinakushinda nini?"

Basi tuko ukumbini kanisani tunakunywa kahawa, Mama kashika kipaza sauti anasimulia safari ile ile, macho kanikodolea mimi.

Mara mzee Wybren akainuka na mkongojo wake. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu babu yangu, Opa, alihamia Alberta zamani. "Samahani, binti yangu. Mwanamume aliyeahidiwa nilikuwa mimi."



Akasema alimngoja Oma stesheni na maua, na Opa alifuatana naye kusaidia mizigo tu. Oma akashuka kwenye treni, akamtazama Wybren juu mpaka chini, kisha akamgeukia Opa: "Na wewe je, umeoa?"

NA WEWE JE, UMEOA?! Tineke, mbele ya mchumba wake! Na maua ya watu kayapokea!

Mama akashusha kipaza sauti. "Sasa wewe ukafanyaje, Baba Mkubwa?"

"Ningefanyaje? Nikabeba mizigo."

Watu walicheka mpaka mchungaji akajimwagia kahawa. Mama peke yake hakucheka.

Sasa tuko garini, Mama ndiye anayeendesha. Ndiyo kwanza kafungua mdomo:

"Huyo Marten, hana mdogo wake?"