Mlio wa Friwili Yako

Tata, baba yangu,

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa kaburini kwako, karibu na jamvi la kuanikia kahawa. Mikono inanuka mafuta ya taa na karatasi imeshapata madoa, utanisamehe. Leo nimeifungua friwili ya baiskeli yako, ile gia ya gurudumu la nyuma, na nisipokuandikia leo sitakuandikia tena.

Arobaini yako ilipita Jumamosi. Kaka Deo amerudi Mwanza na watoto wake. Mama anakula kidogo, na ukimuuliza jambo unarudia mara mbili ndipo ajibu. Mimi bado nipo hapa Kagoma. Chumba changu cha Kashai, kule mjini, kimefungwa, na vitambaa vya wateja viko chini ya cherehani vikinisubiri.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya ile Jumatano. Mpaka leo nilikuwa sijamweleza mtu, hata padri.

Unajua ulivyokuwa ukiitunza baiskeli yako. Kila Jumamosi baada ya chai unailaza ubavu, unachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa, unadondoshea kwenye upenyo wa friwili na kuizungusha mpaka uchafu mweusi uishe kutoka. Unafuta. Kisha matone matatu ya mafuta ya cherehani niliyokuletea kutoka mjini. Siku moja nilisema ongeza kidogo, ukanitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Mara moja kwa mwaka friwili unaifungua yote, gololi unazimimina kwenye sahani ya bati, na hakuna ruhusa ya kusogea. Kukifungua kifuniko chake unakizungusha upande ambao vingine vyote hukaziwa. "Hii inafunguka kwa kufunga, Koku," unasema, unacheka peke yako, kila mwaka kama ndiyo kwanza umegundua.

Halafu ule mlio. Tik-tik-tik ukiteremka kutoka barabarani kuingia kibanjani kwetu, kwenye migomba, na Mama anaanza kuandaa maji yako ya kunawa.

Jumatano ile ilikuwa wiki ya tatu hujainuka kitandani. Mbuzi tulishawauza kwa ajili ya dawa, na ulilijua hilo. Asubuhi ukiwa umelala nikaitoa baiskeli hapo ukutani karibu na kitanda chako, nikaenda kuisafisha nyuma ya jiko. Nilitaka uamke uikute inang'aa. Mafuta ya cherehani yalikuwa yameisha. Fundi mmoja wa pikipiki kule mjini aliwahi kuniambia grisi ndiyo inayodumu, nami nilikuwa na kopo lake. Nikaishindilia mpaka ikafurika, nikakaza kifuniko. Nilijiona fundi kweli.

Ndipo nikakusikia dirishani. "Koku. Baiskeli yangu mmeiuza?"

Nikacheka, Tata. Nikasema kwa heshima, "Hapana waitu, ninayo hapa," nikaisukuma chini ya dirisha lako, mbele na nyuma, usikie mwenyewe. Haikulia. Grisi ilikuwa imevishika vijino vya ndani vinavyotoa ule mlio. Ulichosikia ni nyayo zangu tu.

Ulisikiliza. Kisha ukasema, "Sawa, mwanangu," kwa ile sauti yako ya kumjibu mtu unayejua anakudanganya na umeamua usimwaibishe. Nilipoiingiza ndani ulikuwa umegeukia ukuta, umefumba macho. Nilikuita. Hukujibu siku hiyo, wala kesho yake, na Ijumaa alfajiri ukaondoka.

Naumia. Naumia sana. Ulikufa ukiamini tumekwisha kugawana vitu vyako ukiwa hai, na kwamba mimi, mimi hasa, nilikudanganya.

Deo ndiye mrithi wako, kwa hiyo baiskeli ni yake. Kabla ya kuondoka alitaka kwenda nayo Muleba. Akakanyaga pedali, ikazunguka bure, akabaki palepale kwenye mwinuko. Akasema friwili imekufa, tuiuze yote kama chuma chakavu. Nilimwomba wiki moja. Hakunielewa, ila alikubali.

Basi leo nimechukua nyundo na tindo. Nikaanza kwa upande usio wake, kama kawaida yangu, nikagonga weee, kifuniko hakitikisiki. Mpaka nikajisikia nasema kwa sauti, "Inafunguka kwa kufunga." Hapo nililia kwa muda mrefu. Grisi ilikuwa imeganda na vumbi kama ugali uliolala. Nimeosha kila gololi, vijino vimelegea, vinaruka inavyotakiwa. Matone matatu, sikuzidisha.

Nikaisukuma kupitia migombani kuja kwako. Tik-tik-tik.

Sikumfikiria Mama. Alitoka jikoni na beseni la maji mikononi, akafika mlangoni, akaniona ni mimi. Nilidhani atarudi ndani. Akaja nalo hivyohivyo hadi hapa kaburini, akaliweka chini, akakaa kando yake. Hapo nikamweleza yote. Hakunilaumu, wala hakunifariji. Aliniambia tu, "Izungushe tena."

Nimempigia Deo, amekubali isiuzwe. Itarudi ukutani pale pale. Kila mwezi nitapanda kutoka Kashai na kichupa changu cha mafuta, na nikimaliza kuisafisha nitaileta kwanza hapa kabla ya kuirudisha ndani.

Pumzika sasa, Tata. Naizungusha, isikilize. Hatukuiuza.

Ni mimi,
Koku